Pombe ya Kuvuka Mpaka na Safari ya Uvuvi

Mazungumzo ya akina mama na walezi

Huu ni wakati wetu wa kuzungumza juu ya afya ya jamaa zetu. Kama unasoma maneno haya kijitabuni badala ya kuyasikia redioni, karibu vilevile. Keti, na kama kuna jirani karibu, msomee kwa sauti.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunaliona kila wiki, lakini hatulizungumzii. Mume au kijana wako anajitayarisha kwenda ziwani. Amebeba nyavu, taa, mafuta ya injini, unga na sukari. Ndani ya mfuko, katikati ya koti na blanketi, kuna chupa. Pengine ni waragi kutoka upande wa Uganda. Pengine ni konyagi kutoka upande wa Tanzania. Pengine ni kitu kisicho na jina, kilichomiminwa kutoka kwenye mtungi wa lita ishirini hadi kwenye chupa ya soda.

Utasema, "Muuguzi, hayo ni mambo ya wanaume. Yananihusu nini?" Yanakuhusu, mama. Mashua ikirudi na mtu mgonjwa, ni wewe unayeitwa ufuoni. Mtoto akiinywa ile chupa akidhani ni soda, ni wewe unayembeba mgongoni kwenda zahanati. Na mara nyingi ni wewe uliyefunga ule mfuko wa safari.

ZIWA HALINA UKUTA

Ziwa letu ni la nchi tatu. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda ina sehemu kubwa ya nusu iliyobaki, na Kenya ina kama asilimia 6 peke yake. Samaki hawajui mpaka, na mpaka wenyewe majini hauna ukuta wala seng'enge. Mvuvi wa Port Victoria au Sio Port hayuko mbali na maji ya Uganda. Mvuvi wa Muhuru Bay ni jirani wa Tanzania. Ndiyo maana pombe huvuka kwa urahisi: kwa mashua usiku, au kwa njia za panya zinazopita mashambani kando ya Busia na Isebania.

Watu huivusha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei. Kodi na sheria za nchi hizi hazilingani, kwa hiyo chupa hiyohiyo huweza kuwa nafuu upande mmoja. Ya pili ni ukubwa wa chupa. Wavuvi hupenda kipimo kidogo kinachoingia mfukoni.

Hapa tuelezane sheria kidogo, maana mama asiyejua sheria huweza kujikuta kituo cha polisi kwa sababu ya mzigo wa mtu mwingine.

Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Sheria hiyo inakataza pombe iliyofungwa katika vipakiti, na pia inakataza chombo cha chini ya mililita 250. Tanzania ilipiga marufuku vile vipakiti vinavyoitwa viroba mwezi wa Machi 2017. Uganda nayo ilipiga marufuku vipakiti mwaka 2019, lakini kipimo chake cha chini ni chupa ya mililita 200. Umeona tofauti hiyo? Chupa ndogo ya mililita 200 inayouzwa halali dukani Busia ya Uganda, ikivuka barabara na kuingia Busia ya Kenya kwa biashara, tayari ni kosa. Na kipakiti siku hizi si halali katika nchi yoyote kati ya hizi tatu. Ukiona kipakiti ufuoni, ujue kimetengenezwa au kimeletwa na mtu anayejificha. Mtu anayejificha hakaguliwi na yeyote.

Sasa, je, mtu haruhusiwi kabisa kuvuka na pombe? Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina kiwango cha msamaha wa ushuru kwa abiria: pombe kali isiyozidi lita moja, au divai isiyozidi lita mbili. Msamaha huo ni wa mtu aliyetimiza miaka 18, kwa matumizi yake mwenyewe, si ya kuuza. Na mtu hupitia mahali pa forodha, kama kile kituo cha pamoja cha Busia kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, akaeleza alichobeba. Anayepita na mitungi kwenye mashua usiku hana msamaha wowote.

Lakini mama, sikiliza vizuri. Kile kiwango cha forodha ni hesabu ya kodi. Si hesabu ya afya. Afisa wa forodha akikuruhusu lita moja, hajakuambia kwamba lita moja ni salama tumboni.

HESABU YA CHUPA MOJA

Hebu tufanye hesabu kama tunavyofanya sokoni. Waragi ya kiwandani kwa kawaida ina kileo cha kama asilimia 40. Bia ya kawaida ina kama asilimia 5. Ukichukua chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250, ndani yake kuna kileo sawa na kile cha bia nne kubwa za nusu lita. Lita moja ni sawa na bia kumi na sita.

Ini la mtu huondoa kileo polepole, na haliwezi kuharakishwa. Kahawa haiharakishi. Kuoga maji baridi hakuharakishi. Kula samaki kwa pilipili hakuharakishi. Ile chupa ya mililita 250 huhitaji karibu saa nane, na mara nyingi zaidi ya hapo, ndipo iishe mwilini. Maana yake ni kwamba mtu akiimaliza saa tatu usiku, wakati taa za omena zinawashwa, hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kuvuta nyavu na kurudi nchi kavu, bado kileo kimo damuni. Huenda haonekani mlevi. Anaongea vizuri, hata anacheka. Lakini macho yake hayapimi mbali, mikono yake imechelewa, na akiteleza hajishiki upesi.

KWA NINI POMBE NA MAJI HAVIPATANI

Wavuvi husema wanakunywa ili kupata joto. Tuwaheshimu, maana baridi ya ziwani usiku si mchezo. Lakini tuwaeleze ukweli. Pombe hufungua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu yenye joto hukimbilia huko juu, na ndiyo maana mtu husikia uso na kifua vimepata moto. Joto hilo linatoka ndani ya mwili na kupotelea hewani. Ni kama mama anayefungua mlango wa jikoni usiku: aliye nje husikia joto, lakini nyumba inapoa. Mvuvi aliyelowa na kupigwa na upepo, akinywa pombe, hupoa haraka kuliko mwenzake aliyekunywa uji.

Jambo la pili ni mkojo. Pombe humfanya mtu akojoe mara kwa mara. Ndani ya mashua hakuna choo. Mtu husimama ukingoni gizani, amelewa, mashua inayumba, mikono yote miwili ina kazi. Wengi huanguka hapo, na kama wenzake nao wamelala kwa pombe, hakuna anayesikia.

Jambo la tatu ni uamuzi. Ziwa letu hubadilika ghafla. Upepo huamka na mawimbi yakapanda kabla hujamaliza kula. Mvuvi asiyelewa hulitazama wingu akasema, "Turudi." Aliyelewa husema, "Tungoje kidogo." Hilo neno "kidogo" limeacha wajane.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa mume na kijana wako ni hili: akiamua kunywa, asinywe kabla ya safari wala safarini. Angoje arudi nchi kavu, samaki wauzwe, fedha za chakula zifike nyumbani kwanza. Na jaketi la kuokoa maisha livaliwe mwilini. Likikaliwa kama mto halimwokoi mtu.

POMBE ISIYO NA MWENYEWE

Sasa tufike mahali penye hatari kubwa zaidi. Kuna kitu kinachoitwa methanoli. Hiki ni kileo cha viwandani, kinachotumika katika rangi, varnishi na kemikali nyingine. Kina ndugu yake, yaani ethanoli, ambaye ndiye kileo cha kawaida cha bia na waragi. Ndugu hawa wawili wanafanana kwa rangi, kwa harufu na karibu kwa ladha. Lakini methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi kali inayoharibu mshipa wa macho na kusimamisha kazi ya mwili. Vijiko viwili vya chai vya methanoli safi vinaweza kumpofusha mtu. Vijiko vya kutosha kujaza glasi ndogo ya tembo vinaweza kumuua.

Inaingiaje katika pombe? Mfanyabiashara mwenye tamaa huiongeza ili pombe iwe nyingi na kali kwa gharama ndogo. Pombe ikishavuka mpaka usiku na kumiminwa kutoka mtungi hadi mtungi, haina mwenyewe. Aliyekuuzia Usenge au Mbita hajui ilitengenezwa na nani. Aliyemuuzia yeye hajui pia. Hata kama wote ni watu wema, hakuna mmoja anayejua kilichomo.

Haya si hadithi za kutishana. Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapoteza macho. Mwezi wa Aprili 2010, makumi ya watu walikufa kusini magharibi mwa Uganda, katika sehemu za Kabale, kwa waragi iliyochanganywa. Mwezi wa Mei 2014, hapa kwetu Kenya, makumi ya watu walikufa katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Na mwezi wa Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, kilizika watu wasiopungua 17. Pande zote za mpaka zimelia.

Kuna watu wanaosema wanajua kuipima. Wengine huimwaga kidogo na kuiwasha moto, wakiona moto wa samawati wanasema ni safi. Wengine hunusa. Wengine humpa mzee mmoja aonje kwanza. Mama, hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachofaa. Moto unakuambia tu kwamba kuna kileo, haukuambii ni ndugu yupi. Na aliyeonja anaweza kukaa vizuri hadi kesho yake.

DALILI ZINAZODANGANYA

Hapa ndipo nataka usikilize kwa masikio yote mawili. Sumu ya methanoli haionyeshi makali yake mara moja. Mtu hunywa, hulewa kidogo, hulala, huamka. Mara nyingi dalili huja baada ya saa 12 hadi 24. Na kama alichanganya na pombe ya kawaida, huchelewa hata zaidi. Kwa hiyo mvuvi anaweza kunywa ziwani Jumatatu usiku, akashuka ufuoni Jumanne asubuhi akitembea, na kuugua Jumanne jioni akiwa nyumbani kwako.

Angalia dalili hizi:

1. Kichwa kuuma sana na kizunguzungu.
2. Kutapika na tumbo kuuma.
3. Macho kuona ukungu, au kuona weupe kama yuko ndani ya moshi, au kusema, "Mbona taa haijawashwa?" na hali kuna mwanga.
4. Kupumua haraka na kwa nguvu kama aliyekimbia.
5. Kuchanganyikiwa, kupata kifafa, au kupoteza fahamu.

Umeona hatari iko wapi? Kichwa, kutapika, uchovu: sisi wa ziwa tukiona hayo tunasema ni malaria. Au tunasema ni pombe ya jana tu, alale. Wengine humletea glasi nyingine ili azimue. Kila saa inayopita namna hiyo ni saa ya macho yake na uhai wake.

Kwa hiyo muulize swali moja kila mara: "Ulikunywa nini, na ulikunywa na nani?" Muulize kwa upole, bila kufoka, maana mtu anayeogopa kugombezwa atakuficha. Ugomvi utangoje.

LA KUFANYA

Ukishuku sumu, fanya hivi:

Mpeleke hospitali upesi, hata kama anasema amepata nafuu. Usingoje macho yaharibike. Hospitali kuna dawa ya kuzuia sumu hiyo isigeuke asidi, kuna dawa ya kupunguza asidi damuni, na kubwa zaidi kuna mashine ya kusafisha damu. Zahanati ndogo haina yote hayo, lakini itamwanzishia huduma na kukupatia ambulensi.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mkaa, mafuta wala mkojo, hata kama jirani anaapa kwamba uliwahi kumponya mtu. Usimpe pombe zaidi. Umesikia kwamba daktari wakati mwingine hutumia kileo kutibu sumu hii. Ni kweli, lakini hicho hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na kufuatwa kwa vipimo vya damu, si kwa glasi ya nyumbani.

Kama amelala fofofo, mlaze kwa ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili akitapika matapishi yatoke nje yasimzibe koo. Usimwache peke yake.

Beba chupa au mabaki ya pombe ile kwenda nayo hospitali. Na umtume mtu mara moja kwa wote waliokunywa pamoja naye: mashua nzima, na wale wa mashua ya pili kama waligawana. Anayejisikia mzima ndiye bado ana nafasi kubwa ya kuokolewa.

Na kama mtu ameanguka majini akatolewa, kileo au bila kileo, usimning'inize kichwa chini wala kumkanyaga tumbo ili maji yatoke. Tazama kama anapumua. Kama hapumui, mpulizie pumzi tano mdomoni ukiwa umembana pua, kisha msukume katikati ya kifua mara thelathini kwa nguvu na kwa haraka, halafu pumzi mbili, na uendelee hivyo hadi apumue au msaada ufike. Omba kamati ya ufuo wenu, ile BMU, ilete mtu wa kuwafundisha jambo hili kwa mikono.

MTOTO NA CHUPA YA SODA

Mama, sasa tuje nyumbani. Mfuko wa safari ukirudi, mtoto ndiye wa kwanza kuufungua, maana baba huleta mandazi au miwa. Akikuta chupa ya soda yenye maji meupe ndani, atakunywa.

Pombe humdhuru mtoto kwa njia tofauti na mtu mzima. Humshushia sukari mwilini kwa kasi. Mafunda machache ya pombe kali yanatosha kumfanya mtoto wa miaka miwili alegee, apate baridi, ashikwe na degedege, apoteze fahamu. Wengine husema, "Ameleweshwa tu, acheni alale." Usimwache alale! Mtoto huyo anaweza kukosa kuamka, si kwa ulevi, bali kwa kukosa sukari.

Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari au uji mtamu kidogo kidogo, huku mnaelekea zahanati. Kama hana fahamu, usimmiminie chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu, mfunike apate joto, mkimbie.

Na kinga yake ni rahisi. Pombe, mafuta ya taa na dawa za shamba visikae kamwe katika chupa ya soda wala ya maji. Chochote kilichorudi na mfuko wa ziwani kikaguliwe kabla mtoto hajafika.

Kuna watoto wakubwa pia. Kijana wa darasa la saba au la nane anayekwenda ziwani wakati wa likizo hupewa chupa abebe, kwa sababu polisi hawamshuku. Sheria inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18, na mpaka si mahali pa kumtuma mtoto na mzigo wa magendo. Akikamatwa, ni masomo yake yatakayosimama. Na anayebeba kila wiki, siku moja ataonja.

MAMA MJAMZITO NA MAMA ANAYENYONYESHA

Akina mama wengi huuza samaki, na baadhi yao huuza pombe hiyo pia ili kuongeza kipato. Siwahukumu. Karo haingoji. Lakini kama una mimba, hakuna kipimo cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama. Pombe hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na huweza kumfanya azaliwe mdogo, na akili yake ichelewe kwa maisha yake yote. Kuonja kidogo ili kupima kama ni kali ni kunywa.

Kwa anayenyonyesha, pombe huingia kwenye maziwa kama inavyoingia kwenye damu. Iliyo bora ni kuacha. Na usilale kitanda kimoja na mtoto mchanga kama wewe au baba yake amekunywa. Mtu aliyelewa hasikii mtoto akikosa pumzi.

TUSIFICHE JAMBO HILI

Safari za uvuvi za siku kadhaa visiwani, pamoja na pombe na fedha taslimu, huja na jambo jingine: kulala na watu bila kinga. Mnajua biashara ya jaboya, ambapo mama hupata samaki kwa kutoa mwili wake. Mahali penye pombe, kondomu husahaulika. Kama jambo hilo limetokea, au mtu amebakwa, kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zisishike. Zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Na kwa wale wanaotumia dawa za ARV: dawa ziingie mfukoni kabla ya nyavu, za siku zote za safari na mbili tatu za akiba. Wengine huruka dawa kwa sababu wamekunywa pombe, wakiogopa vitagongana. Hilo ni kosa. Pombe ni mbaya, lakini kuruka dawa ni kubaya zaidi. Ameze dawa yake kwa wakati wake.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mama mmoja anauliza: "Mume wangu hunywa kila siku asubuhi na jioni. Je, niimwage pombe yote aende ziwani bila?"

Swali zuri sana. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kali kila siku, akikatizwa ghafla, anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, na kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Hayo yakimpata katikati ya ziwa ni hatari. Kwa hiyo huyu asiende safari ndefu kwanza. Mlete kliniki. Kuna dawa za kumsaidia kuacha kwa usalama. Pia unaweza kupiga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192, upate ushauri.

Mwingine anauliza: "Nitajuaje kama chupa ni halali?"

Angalia mambo manne: kifuniko hakijafunguliwa, jina la kiwanda limeandikwa, stempu ya ushuru ya Kenya iko na haijachanika, na alama ya ubora iko. Stempu inaweza kukaguliwa kwa simu ya kisasa kwa programu ya Mamlaka ya Ushuru. Lakini chupa halali nayo ni pombe. Inapunguza hatari ya sumu ya methanoli, haikuondolei kuzama.

Wa tatu anasema: "Nikimwambia, ananipiga."

Mama, usimkabili mtu akiwa amelewa. Ongea akiwa mzima, ukiwa na mtu anayemheshimu, kama mzee wa ufuo, kaka yake au kiongozi wa dini. Kama kuna hatari, ondoka na watoto kwanza. Nambari 1195 ni ya bure kwa waliodhulumiwa nyumbani. Kupigwa si sehemu ya ndoa.

Wa mwisho ni kijana: "Sasa tubebe nini dhidi ya baridi?"

Chai au uji kwenye chupa ya joto. Maji safi ya kunywa. Samaki au viazi vya kuchoma. Koti lisilopitisha maji, sweta kavu iliyofungwa ndani ya karatasi ya nailoni, na kofia. Na jaketi la kuokoa maisha, ambalo lenyewe huhifadhi joto la kifua.

YA KUKUMBUKA

Mama na mlezi, tukifunga mazungumzo ya leo, kumbuka haya:

Moja, kiwango cha forodha ni cha kodi, si cha afya.
Mbili, pombe haipashi mwili joto. Inaupokonya.
Tatu, pombe iliyovuka usiku haina mwenyewe, na hakuna kipimo cha nyumbani cha methanoli.
Nne, mvuvi akirudi na kichwa, kutapika na macho yenye ukungu, usiseme malaria kabla ya kuuliza alikunywa nini. Hospitali siku hiyohiyo, na waliokunywa naye wote.
Tano, mtoto aliyekunywa pombe asiachwe alale. Sukari, kisha zahanati.
Sita, aliyezoea pombe kila siku asikatizwe ghafla na kupelekwa ziwani.

Safari ijayo, ukifunga ule mfuko, weka chupa ya chai mahali pa ile nyingine. Na ukiulizwa, sema muuguzi wa redio ndiye aliyekutuma. Nitaibeba lawama hiyo kwa furaha, mradi mashua irudi na watu wote.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani. Hadi hapo, kwaherini, na afya njema.